"Hilo Dogo" kwa Kiingereza: Namna ya Kutumia Neno "Trivial" na Majirani Zake

Mteja ameandika kulalamika kwamba jina lake limekosewa kwenye risiti. Angekuwa Mswahili mwenzako ungemjibu bila kufikiri mara mbili: "Hilo dogo, tutalirekebisha leo." Naye angetulia, kwa sababu "hilo dogo" kinywani mwa fundi, karani au muuguzi ni ahadi. Maana yake ni kwamba kazi hii haitanishinda, ondoa wasiwasi. Lakini mteja huyu hajui Kiswahili. Unafungua kamusi, unakuta neno "trivial", unaandika: "Your complaint is trivial. We will correct it today." Kisarufi sentensi zote mbili ni safi. Hata hivyo umemtukana mteja wako, kwa kuwa umemwambia kwamba lalamiko lake halikustahili hata kuletwa mezani.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika Kiingereza kazini, unayejiandaa kwa mtihani, au unayetafsiri habari na hati za watu. Neno kuu ni "trivial". Nitalishughulikia kwa kirefu, kisha nitakuonyesha maneno ya karibu yake na mahali ambapo kila moja linafaa kulipokea kazi.

Kwanza maana. Tunaposema "hilo dogo" mara nyingi tunalipima jambo kwa uwezo wa atakayelifanya. "Trivial" hulipima kwa kustahili kwake: je, jambo hili linafaa kupewa muda, fedha au masikio ya watu? Anayetumia neno hili anajibu kwamba halifai. Ametoa hukumu. Ndiyo maana ni lazima uangalie jambo ni la nani kabla hujaliita hivyo. La kwako mwenyewe unaweza kuliita "trivial" bila kumuumiza mtu: "I had a trivial argument with my brother", yaani niligombana na ndugu yangu kwa kitu kisicho na maana. La mwenzako, hasa lile lililomuuma kiasi cha kukuandikia barua, usiliite hivyo hata siku moja, labda kama umekusudia kumshushia hadhi. Kwangu mimi hii ndiyo kanuni ya kwanza, na inazitangulia kanuni zote za sarufi.

Sarufi yenyewe haina ugumu mkubwa. Kivumishi cha Kiingereza hukaa mbele ya nomino na hakijui upatanisho. Sisi tunasema jambo dogo, mambo madogo, kitu kidogo, na kivumishi kinafuata ngeli. Wao wanasema "a trivial matter", "trivial matters", "a trivial thing", na neno halibadiliki hata herufi moja. Hakuna "trivials" kama kivumishi. Baada ya kitenzi nalo linakaa vizuri: "The matter is trivial." "It sounds trivial." "It seemed trivial at the time", yaani wakati ule lilionekana si kitu. Mahali pamoja tu kivumishi hiki huhamia nyuma, napo ni kinapoandamana na "something", "anything" au "nothing": "They quarrelled over something trivial." Ukiandika "a trivial something" utakuwa umeandika Kiingereza cha mashairi, au kosa.

Angalia pia hicho kineno "over" kwenye mfano huo. Kiingereza kinapenda kugombana "over" jambo. "They fought over a trivial debt", walipigana kwa sababu ya deni lisilo na uzito. Unaweza kutumia "about", lakini "over" ndiyo inayobeba maana ya kugombea. Ukitaka kusisitiza, sema "the most trivial": "She gets angry over the most trivial things." Katika kulinganisha ni "more trivial" na "most trivial". Usiongeze "-er" wala "-est" mwishoni.

Kuna muundo mmoja ambao ningependa uutie mfukoni leo hii: "It may seem trivial, but..." Anayelalamika mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuutumia, na akiutumia vizuri husikilizwa. "It may seem trivial, but my name is spelt differently on my certificate and my passport." Tafsiri yake ni hivi: huenda likaonekana jambo dogo, lakini jina langu limeandikwa tofauti kwenye cheti na kwenye pasipoti. Msemaji amekiri mapema kile ambacho msomaji angekiwaza, kisha akaonyesha kwa nini jambo si dogo hata kidogo. Dada wa muundo huo ni kielezi "seemingly": "a seemingly trivial error", kosa linaloonekana dogo. Waandishi wa habari na wachunguzi wa ajali hukitumia sana, kwa sababu makosa ya namna hiyo ndiyo huzaa maafa. Ukiona "seemingly" mbele ya "trivial", jiandae kusoma kwamba kosa lilikuwa kubwa.

Ukanushaji nao una utamu wake. "Far from trivial", "by no means trivial" na "no trivial matter" zote zinasema kwamba jambo ni zito. Halafu kuna "non-trivial", ambayo huwasumbua wafasiri wengi. "A non-trivial amount of money" si kiasi kidogo kinachokanushwa kwa aibu. Ni fedha ya maana, na Kiswahili tayari kina namna yake ya kulisema hilo: fedha si haba. Ukikutana na "non-trivial" katika ripoti, ijaribu kwanza kwa "si haba" au "-a maana", na mara nyingi utakuwa umefika.

Sasa tuingie darasani, kwa sababu huko neno hili linavaa nguo nyingine kabisa. Katika hisabati, ukipewa mfumo wa milinganyo ya mstari ambao upande wa kulia wote ni sifuri, daima kuna jawabu moja la wazi: vigeu vyote viwe sifuri. Jawabu hilo huitwa "the trivial solution". Hakuna anayelidharau. Wanachosema ni kwamba halihitaji kutafutwa, lipo tu. Mwanahisabati akiandika "the proof is trivial" anamaanisha kwamba msomaji mwenye ujuzi ataona uthibitisho bila msaada. Watunga programu wamelichukua neno kwa maana hiyo hiyo ya wepesi: "a trivial fix" ni rekebisho la dakika chache, na "It is trivial to add a button" ni kusema kuongeza kitufe ni kazi nyepesi. Hapa ndipo "trivial" inapoikaribia sana "hilo dogo" yetu. Lakini inaeleweka hivyo miongoni mwa mafundi wenyewe. Mtunga programu anayemwandikia mteja "your problem is trivial" ataleta ugomvi ule ule wa risiti.

Katika kemia kuna "trivial name", yaani jina la mazoea la kampaundi, tofauti na jina la kanuni za kimataifa. Mwanafunzi wa sekondari anafundishwa kuandika "ethanoic acid", lakini chupa ya maabara inaweza kuwa imebandikwa "acetic acid", ile asidi ya siki. Jina la pili ndilo "trivial name". Biolojia nayo inalo: Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mimea cha 1753, aliupa kila mmea jina la spishi la neno moja, na neno hilo la pili aliliita kwa Kilatini "nomen triviale". Katika matumizi yote haya maana ni "la kawaida, la kila siku", wala hapana dharau ndani yake. Ukilitafsiri "jina lisilo muhimu" umepotoka.

Maana hiyo ya kawaida ndiyo ya zamani zaidi. Neno linatoka kwenye Kilatini, "tri" ni tatu na "via" ni njia: mahali njia tatu zinapokutana, penye watu wengi na mazungumzo ya kila namna. Kwa upande mwingine, vyuo vya Ulaya katika zama za kati vilikuwa na masomo matatu ya awali, yaani sarufi, mantiki na balagha, yaliyoitwa "trivium". Baada yake mwanafunzi alipanda kwenye manne, yaani hesabu, jiometri, muziki na falaki. Kutoka "la njia panda" na "la mwanzo" hadi "lisilo na uzito" si safari ndefu. Nomino "trivia" leo ina maana ya vijambo vidogovidogo vya kujua, na mashindano ya "trivia" ndiyo sisi tunayoyaita chemsha bongo. Mchezo maarufu wa Trivial Pursuit ulibuniwa Montreal, Canada, mwaka 1979 na waandishi wa habari wawili, Chris Haney na Scott Abbott, na jina lake linatuonyesha kwamba neno hili linaweza pia kuchekesha. Kitenzi chake, "trivialise", hakichekeshi: "The report trivialised their suffering" ni shutuma nzito, kwamba ripoti iliyafanya mateso yao yaonekane si kitu.

Hapo tumemaliza na "trivial" yenyewe. Majirani zake ni wengi, na makosa mengi ninayoyaona hutokea kwa kuchukua jirani asiyehusika.

"Negligible" ni neno la vipimo. Mwanafunzi wa fizikia amelisoma mara nyingi: "Air resistance is negligible", ukinzani wa hewa ni mdogo kiasi kwamba ukiuacha nje ya hesabu jawabu halitabadilika la maana. Neno hili linauliza swali moja tu, nalo ni kama kiasi hiki kinaathiri jawabu. Ndiyo maana jibu hubadilika kulingana na kitu unachokipima. Kwa jiwe linaloanguka kutoka mezani ukinzani wa hewa ni "negligible". Kwa unyoya, ndio unaoamua kila kitu. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya kwa pamoja juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, na vyote viwili vikatua kwa wakati mmoja. Nomino zinazoandamana na neno hili ni za kupimika: "negligible effect", "negligible risk", "negligible cost", "negligible difference". Sema "The new road had a negligible effect on prices", yaani barabara mpya haikuathiri bei kwa kiasi cha kuhesabika. Na hapa tahadhari kubwa: usilichanganye na "negligent". Ukiandika "The driver was negligible" umesema dereva alikuwa mdogo kiasi cha kuweza kupuuzwa, wakati ulitaka kusema alikuwa mzembe. Katika taarifa ya ajali hilo ni kosa la kugharimu.

"Insignificant" lina sura mbili. Kwa hisia za mtu ni neno zuri la kujisemea: "I felt small and insignificant", nilijiona mdogo, si chochote. Kumwita mwingine "an insignificant man" ni tusi la wazi. Sura ya pili ni ya takwimu, na hapa naomba kila anayeandika tasnifu anisikilize. Ronald Fisher, Mwingereza, katika kitabu chake cha 1925 kuhusu mbinu za takwimu kwa watafiti, alikieneza kile kiwango cha 0.05 ambacho vyuo vyetu vinakitumia hadi leo. Matokeo yasipofikia kiwango hicho tunasema tofauti "was not statistically significant". Maana yake ni kwamba data tulizonazo hazitoshi kuondoa uwezekano wa bahati nasibu. Haisemi kwamba tofauti ni ndogo. Ukiwa na wagonjwa 12 tu, dawa inaweza kuwa na nguvu kweli na bado takwimu zikashindwa kuithibitisha. Ukiwa na watu laki moja, tofauti isiyo na faida kwa mgonjwa yeyote inaweza kufikia kiwango. Kwa hiyo usiandike "The difference was insignificant" ukimaanisha matokeo ya jaribio la takwimu. Andika maneno yote matatu, "not statistically significant", kisha katika sentensi inayofuata eleza tofauti yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani.

"Petty" linatokana na Kifaransa "petit", yaani dogo, na ni neno la kushika kwa uangalifu. Likiwa ndani ya majina yaliyokwisha kuzoeleka halina ubaya: "petty cash" ni zile fedha za matumizi madogomadogo ya ofisi, "petty trader" ni mfanyabiashara mdogo, "petty officer" ni cheo katika jeshi la majini. Nje ya majina hayo linagusa tabia. "You are being petty" maana yake una roho ndogo, unashikilia vitu visivyo na maana ili kumkomoa mwenzio. "Trivial" hulihukumu jambo. "Petty" humhukumu mtu anayelishikilia. Ugomvi unaweza kuwa "trivial" bila wagombanaji kuwa watu wabaya, lakini ukiuita "petty" umewagusa wao.

Kisha kuna "minor", na hili ndilo ninalokushauri ulifanye rafiki. Mpinzani wake ni "major", na yote mawili ni ya ngazi tu, hayana dharau: "minor injuries" ni majeraha madogo, "minor repairs" ni matengenezo madogo, "minor changes" ni mabadiliko madogo. Yule mteja wa risiti angejibiwa hivi: "Thank you for pointing this out. It is a minor correction and we will make it today." Umemshukuru, umeliita dogo rekebisho badala ya lalamiko lake, na umetoa ahadi. Ndiyo "hilo dogo" yetu, imefika kamili. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba "minor" ni nomino pia, na kisheria ni mtoto ambaye hajafikia umri wa utu uzima. "A minor was injured" ni mtoto kajeruhiwa. "Minor injuries were reported" ni kuripotiwa kwa majeraha madogo. Mfasiri wa habari anayezisoma kwa haraka anaweza kumgeuza mtoto akawa mchubuko.

"Irrelevant" na "immaterial" huwekwa kwenye kundi hili na kamusi nyingi, lakini hayazungumzii ukubwa kabisa. Yanazungumzia uhusiano. Jambo linaweza kuwa zito kuliko mlima na bado likawa "irrelevant" kwa shauri lililo mbele ya hakimu. Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, iliyotumika Afrika Mashariki enzi za ukoloni na kuacha alama kubwa katika sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, ilijengwa juu ya swali hilo: je, jambo hili linahusiana na linalobishaniwa? Utajiri wa mshtakiwa unaweza kuwa gumzo la mji mzima, na wakili akasimama kusema "It is irrelevant to the charge." Kihusishi chake ni "to", si "with" wala "for". "Immaterial" hupenda kufuatwa na "whether": "It is immaterial whether the door was locked", mlango uwe ulifungwa au haukufungwa, uamuzi haubadiliki. Kwenye bima neno hili lina fedha ndani yake. Kampuni inaposema ulificha "a material fact", inadai ulinyamazia jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake wa kukukubali au bei iliyokutoza. Ukijibu kwamba jambo hilo ni "trivial" umejitetea kwa udogo wake, na udogo haukuulizwa. Ukisema ni "immaterial", umejibu hoja yenyewe.

"Unimportant" sitalikawiza. Ni neno wazi, halina kosa, ila mdomoni linasikika baridi. Waingereza wenyewe husema "not important" au "It doesn't matter". Na mtu anapokuomba radhi kwa kukukanyaga au kuchelewa, pale ambapo sisi tungesema si neno au haidhuru, jibu ni "It's nothing", "Never mind" au "Don't worry about it". Ukimjibu "It's trivial" atashangaa.

Matamshi nayo yanahitaji kusahihishwa mapema, kwa sababu ndimi zetu zimezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Trivial" hubeba mkazo mwanzoni: TRI-vi-ol. "Negligible" vilevile: NEG-li-ji-bol. "Insignificant" mkazo uko katikati: in-sig-NI-fi-kant. "Irrelevant" ni i-RE-le-vant, na uangalie "l" na "v" zisibadilishane viti, maana "irrevelant" ni kosa wanalolifanya hata waliozaliwa na lugha hiyo. Na kabla ya "insignificant", "irrelevant", "immaterial" na "unimportant", kibainishi ni "an", kwa kuwa yote huanza kwa irabu.

Kazi yako ya leo ni hii. Fungua barua pepe za Kiingereza ulizotuma wiki iliyopita na utafute kila mahali ulipoandika "small", "not important" au "trivial". Jiulize ulikuwa unapima kiasi, uhusiano, ugumu wa kazi, au thamani ya jambo la mtu, kisha iandike sentensi upya kwa neno linalostahili. Na ukikuta barua ambayo ndani yake uliliita "trivial" jambo lililomuuma mtu, usiishie kuisahihisha kwenye daftari. Mwandikie leo, umwambie ulikusudia "minor".